Sura ya Tano: Jaji Hamtazami Nguruwe

Kila mwezi wa Julai na Agosti, katika maonyesho ya kaunti za Iowa, Ohio, Indiana na Nebraska, watoto huingia uwanjani wakiwa na nguruwe wasiofungwa hata kamba. Mtoto ana fimbo nyembamba mkononi na brashi ndogo mfukoni, basi. Kazi yake ni kumpitisha mbele ya jaji mnyama mwenye uzito wa zaidi ya kilo mia, kwa mwendo wa taratibu, kichwa kikiwa juu, bila mnyama huyo kutimua mbio wala kupigana na wenzake.

Mashindano huwa na mikondo miwili. Katika mkondo wa kwanza anayepimwa ni mnyama: misuli, miguu, mgongo, namna anavyotembea. Katika wa pili anayepimwa ni mtoto, na hapo hata mwenye nguruwe wa kawaida kabisa anaweza kuondoka na ushindi. Jaji humsogelea na kumuuliza. Anakula nini? Chakula chake kina protini kiasi gani? Amezaliwa lini? Ungepewa nafasi ya kurekebisha jambo moja tu katika umbo la nguruwe huyu, ungerekebisha lipi?

Swali hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike sura hii. Mtoto wa miaka kumi, aliyeamka alfajiri miezi minne mfululizo kumlisha mnyama wake, anatakiwa kusimama mbele ya mtu asiyemjua, majirani wakimtazama, na kutaja kasoro ya kitu anachokipenda. Ataitaja kwa adabu na kwa ufasaha, kisha ataeleza angefanya nini. Watu wazima wengi tunaowajua, wakiwemo wenye ofisi na magari ya serikali, hawaliwezi hilo.

Watoto hawa ni wanachama wa 4-H, harakati ya vijana ambayo leo hufikia takriban vijana milioni sita nchini Marekani kupitia vyuo vikuu vya umma zaidi ya mia moja. Herufi H nne zinasimama badala ya kichwa, moyo, mikono na afya. Nembo yake ni jani la kijani lenye vipande vinne, kila kipande na herufi yake. Siku hizi wengi wa wanachama hawaishi mashambani, na wapo wanaotengeneza roboti au kupiga picha. Lakini mbinu yenyewe ilizaliwa kwenye mahindi na nyanya.

Ilizaliwa kwa sababu ya ubishi wa wazee. Mwishoni mwa karne ya 19 vyuo vya kilimo vya Marekani vilikuwa na maarifa mengi kuhusu mbegu, udongo na mbolea, na wakulima hawakutaka kuyasikia. Waliwaona maprofesa kuwa watu wa vitabu. Huko Macoupin, Illinois, bwana mmoja aitwaye Will Otwell alikuwa akiitisha mikutano ya wakulima na kuambulia viti vitupu. Mwaka 1899 akabadili mlango wa kuingilia: akawagawia wavulana pakiti za mbegu bora za mahindi, akatangaza zawadi kwa atakayevuna vizuri zaidi. Mamia wakaitikia. Msimu ulipokwisha na wavulana wakaja na mahindi yao kwenye mkutano wa wakulima, baba zao walikuja nao, na ukumbi ukafurika.

Mwaka 1902, tarehe 15 Januari, msimamizi wa shule za vijijini A. B. Graham aliwakusanya wavulana na wasichana wapatao 30 katika chumba cha chini cha jengo la mahakama mjini Springfield, Ohio. Waliondoka na kazi za kufanya nyumbani: kupanda mahindi, kutunza bustani ya mboga au maua, kupima asidi ya udongo kwa karatasi ya litmasi. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa ndiyo kuzaliwa kwa 4-H. Huko Page, Iowa, mwalimu Jessie Field alikuwa akifanya jambo linalofanana na hilo. Alipochaguliwa mwaka 1906 kusimamia shule za kaunti nzima, aliingiza hesabu za shamba darasani: watoto wakajifunza asilimia kwa kupima uotaji wa mbegu za baba zao. Mwalimu aliyeumbua mbegu mbovu za mzazi kwa kutumia hesabu ya mtoto alihitaji moyo, na Field alikuwa nao.

Kusini mwa nchi, Seaman Knapp wa idara ya kilimo ya serikali kuu alieneza vilabu vya mahindi ambamo kila mvulana alipewa sharti moja: ekari moja, yake mwenyewe. Mwaka 1910 kijana wa miaka 15 huko South Carolina, Jerry Moore, alivuna busheli 228 na robo tatu kwenye ekari yake. Kwa hesabu yetu hayo ni magunia zaidi ya 64 ya kilo 90. Wastani wa jimbo lake wakati huo ulikuwa karibu na busheli 20, yaani gunia tano na kitu. Habari hizo zilisambaa nchi nzima. Ekari ya kijana ilikuwa pembeni mwa mashamba ya wazee, kila mpita njia akiiona, na hakuna mhadhara ambao ungeweza kufanya kazi hiyo.

Mwaka huohuo, katika kaunti ya Aiken ya jimbo hilohilo, mwalimu Marie Cromer alichoka kuona wavulana peke yao wakipewa mbegu na zawadi. Akaanzisha klabu ya nyanya ya wasichana. Kila msichana alilima sehemu moja ya kumi ya ekari, akavuna, akapika na kuhifadhi nyanya kwenye mikebe, akauza. Fedha ilikuwa yake. Katika vijiji ambamo mwanamke aliomba hata senti ya uzi kwa mumewe au baba yake, msichana wa miaka 13 alikuwa na mauzo yake na daftari lake la mapato. Kwangu mimi klabu ya nyanya ina uzito zaidi kuliko ekari ya Jerry Moore, ingawa ekari ndiyo iliyopigiwa mbiu.

Mwaka 1914 bunge la Marekani likapitisha sheria ya Smith-Lever, iliyofungamanisha fedha za serikali kuu, majimbo na kaunti ili kila kaunti iwe na bwana shamba na bibi shamba kutoka chuo kikuu cha jimbo. Vilabu vya vijana vikaingia katika kazi zao. Ndiyo maana 4-H haikufa na waasisi wake: ina mtu anayelipwa mshahara karibu na kijiji, aliye na profesa nyuma yake, na wazazi wa kujitolea mbele yake.

Sasa tuingie ndani ya klabu tuone inavyofanya kazi.

Mkutano wa mwezi huendeshwa na watoto. Mwenyekiti ni wao, katibu ni wao, mweka hazina ni wao. Hoja hutolewa, huungwa mkono, hujadiliwa, hupigiwa kura, na mtu mzima aliye ukumbini hufunga mdomo hata anapoona wanakosea. Kisha kila mtoto ana mradi, na mradi lazima uwe na mwenyewe mmoja. Inaweza kuwa sungura wawili, gauni la kushona, mkate, kuku wa mayai, ndama. Anayependa kuchora atachora. Kwa kawaida wanachama kamili huwa wa kati ya miaka 8 na 18, kwa hiyo mtoto anaweza kurudia mradi mmoja mwaka baada ya mwaka, akipanda kidogo kidogo kutoka kumjua mnyama hadi kujua biashara yake.

Halafu kuna daftari. Wageni wanaotembelea maonyesho hawalioni, lakini nadhani ndilo kiungo cha mambo yote. Tuchukue mfano. Nguruwe amepimwa siku ya kusajiliwa akawa na kilo 25. Siku ya maonyesho ana kilo 120. Siku zilizopita ni 110. Mtoto anatakiwa kuandika kwamba mnyama ameongezeka kilo 95, yaani karibu gramu 860 kwa siku, kwamba kilo tatu za chakula zilitumika kupata kila kilo iliyoongezeka, kwa hiyo jumla ni kilo 285, na kila kilo ilinunuliwa kwa bei fulani. Aongeze bei ya kumnunua mtoto wa nguruwe, dawa ya minyoo, nyasi za kulalia. Mwishoni aandike alichopata au alichopoteza, na kurasa chache za maelezo: nilijifunza nini, mwakani nitafanya nini tofauti. Hesabu hiyo mtoto haisahau, maana kila tarakimu aliibeba kwa ndoo.

Lipo pia shindano ambalo ningetamani kila shule ya sekondari iliige kesho. Wanyama wanne wa aina moja huwekwa mbele ya vijana. Vijana wana dakika zisizozidi kumi na tano za kuwatazama kimya, kisha kila mmoja anawapanga, wa kwanza hadi wa nne. Upangaji sahihi una alama 50. Baadaye kijana huitwa peke yake mbele ya jaji, bila karatasi, na kwa muda wa kama dakika mbili anaeleza kwa nini amemtanguliza huyu na kumweka yule nyuma. Maelezo hayo nayo yana alama 50. Aliyepanga vibaya akajieleza kwa hoja nzito anaweza kumkaribia aliyepanga sawa akababaika. Kijana anajizoeza kuangalia, kuamua haraka, kukubali ubora wa kile alichokiweka nyuma, na kutetea uamuzi wake bila kumtukana mtu. Ndivyo watu wanavyopaswa kujadiliana bungeni.

Na tepe. Mtu akifika mara ya kwanza kwenye jengo la maonyesho ya watoto hushangaa kuona tepe za bluu zimetundikwa kila mahali. Kaunti nyingi hutumia utaratibu unaoitwa wa Denmark: kila kazi hupimwa kwa kigezo kilichoandikwa, si kwa kazi ya jirani. Mikate ishirini ikifikia kiwango, yote ishirini hupata bluu. Iliyopungukiwa hupata nyekundu, iliyopungukiwa zaidi hupata nyeupe. Baadaye, kwa kazi zilizo bora kupita zote, ndipo wanapotafuta bingwa. Kwa watoto wadogo nauona utaratibu huu kuwa wa busara sana. Mtoto wa miaka tisa akijua kwamba ushindi wa rafiki yake haumnyang'anyi chochote, atamwazima brashi.

Siku ya mwisho ni ya mnada, nayo ndiyo ngumu. Maksai aliyefundishwa kuvaa hatamu, aliyeogeshwa na kuchanwa manyoya kwa miezi, anapanda jukwaani na mtoto wake, dalali anaimba bei, nyundo inagonga. Kwa kuwa wanunuzi wengi ni benki, maduka na wenye biashara wa mji uleule, bei hupanda juu ya ile ya soko, na fedha ya ziada ni namna ya jamii kumuunga mkono kijana, mara nyingi kwa ajili ya ada ya chuo. Kisha mnyama anakwenda machinjioni. Watoto hulia, na wazazi wenye hekima hawawakatazi. Katika kaunti nyingi hundi haitoki mpaka mtoto ameandika barua ya shukrani kwa mnunuzi, kwa mkono wake.

Hapo kwenye mnada ndipo pia ugonjwa ulipoingilia. Bei za mabingwa katika maonyesho makubwa ya majimbo zilipopanda hadi maelfu mengi ya dola, wazazi wenye uwezo walianza kununua ndama wa damu ya mashindano na kuajiri wataalamu wa kuwaandaa. Mtoto akabaki wa kushika kamba. Katika miaka ya 1990 baadhi ya maksai washindi katika maonyesho makubwa waligunduliwa kuwa wamepewa clenbuterol, dawa inayojaza misuli, au wamechezewa miili kwa njia nyingine. Walionyang'anywa ushindi ni wanyama wa watoto, lakini waliofanya hila walikuwa watu wazima. Siku hizi mkojo na nyama za washindi hupimwa maabara. Ni sawa, ila maabara haiwezi kumpima mzazi anayelisha nguruwe huku mwanawe amelala. Ulinzi wa kweli ni yale maswali ya jaji, kwa kuwa mtoto asiyemlisha mnyama wake hugunduliwa katika swali la pili.

Kuna doa la zamani zaidi, na si haki kulipita. Katika majimbo ya kusini sheria ya mwaka 1914 iliachia mabunge ya majimbo yaamue chuo kipi kipewe fedha, nayo yakavipa vyuo vya wazungu. Watoto weusi walikuwa na vilabu vyao, kambi zao na maonyesho yao, kwa fedha ya makombo, ingawa kazi ya ugani miongoni mwa weusi ilikuwa na mizizi ya tangu 1906, pale Thomas Campbell wa Tuskegee, Alabama, alipoanza kuzunguka vijijini na mkokoteni uliobeba zana na mbegu za kufundishia. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 ilipolazimisha kuunganishwa, mara nyingi weusi ndio walioshushwa vyeo. Mwaka 1971 mahakama ya serikali kuu huko Alabama iliamua kwamba idara ya ugani ya jimbo iliendelea kubagua. Stadi za maisha walizojifunza watoto hao katika vibanda vya maonyesho yaliyotengwa hazikuwa pungufu. Kilichopungua ni wanunuzi waliokuja kwenye mnada wao.

Wataalamu wamejaribu kupima mavuno ya haya yote. Chuo Kikuu cha Iowa State kilichora gurudumu lenye stadi 35 zilizogawanywa chini ya H nne, kuanzia kufanya maamuzi hadi kudhibiti hisia, na mabwana shamba wa vijana hulitumia kupanga miradi. Richard Lerner wa Chuo Kikuu cha Tufts aliwafuatilia vijana zaidi ya 7,000 tangu 2002 kwa miaka minane, na taarifa yake ikasema waliokuwa 4-H walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne zaidi kushiriki kuisaidia jamii yao. Nauchukulia uwiano huo kwa tahadhari: mzazi anayempeleka mwanawe klabuni kila mwezi huenda angemlea vizuri hata bila klabu. Lakini simhitaji Lerner ili niamini kwamba anayezoea kujieleza mbele ya mgeni atajua kujieleza.

Mbegu hii ilifika kwetu. Kenya ina vilabu vya 4-K tangu miaka ya 1960: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilikuwa vya shule za msingi, huku sekondari zikiwa na Vilabu vya Wakulima Vijana. Kizazi cha watu walio wazee leo kinakumbuka sungura na mboga za 4-K. Vilififia, na mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta akavizindua upya. Uwanja wa kuonyeshea haukosekani pia: chama cha maonyesho ya kilimo cha Kenya, ASK, kina asili yake mwaka 1901, na Tanzania ina Nane Nane katika kanda zake, kuanzia Morogoro hadi Mbeya.

Ila tulipoichukua mbegu tuliacha sharti lake la kwanza. Katika shule zetu nyingi shamba ni la shule. Mahindi yanapandwa na Gredi ya Tano nzima, sukumawiki inavunwa na jiko la shule, na daftari, kama lipo, liko kwa mwalimu. Katika maonyesho ya ASK klabu inaandaa kipande cha shamba la mfano, mwanafunzi mmoja mwenye sauti nzuri anakariri maelezo aliyoandikiwa, kombe linapelekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mbaya zaidi, kwa miongo mingi jembe limekuwa adhabu ya shule: aliyechelewa akalime. Mtoto aliyefundishwa hivyo ataitazama ardhi ya babu yake kama kifungo, na hatuna haki ya kumlaumu akikimbilia bodaboda mjini.

Mwalimu wa 4-K anayetaka kuanza hahitaji ekari. Kuku jike mmoja kwa kila mtoto anatosha, akae nyumbani kwa mtoto, awe wake kwa kauli iliyotamkwa mbele ya baba na mama ili mgeni wa Jumapili asije akamla. Sharti hilo la kumlinda kuku dhidi ya wageni ni zito kuliko linavyosikika, na klabu inapaswa kulifikisha kwenye mkutano wa wazazi kabla kuku hajanunuliwa. Hela ya kuanzia inaweza kutoka kwenye chama cha akina mama, ikarudishwa kwa mayai. Daftari la kurasa 48 lipigwe mistari: tarehe, pumba, mahindi, chanjo, mayai, vifaranga, mauzo. Muhula ukiisha, bwana shamba wa wadi na mzee mmoja wa soko wawaulize watoto mmoja mmoja, dakika tano kila mmoja, kuku akiwa mikononi.

Na iwekwe safu ya vifo. Ugonjwa wa mdondo utapita, hata palipochanjwa, na baadhi ya watoto watafika siku hiyo bila kuku. Katika 4-H mtoto ambaye mnyama wake amekufa huruhusiwa kukamilisha mradi wake kwa daftari: alipoona dalili za kwanza, alimwita nani, alitumia kiasi gani, alipoteza kiasi gani. Huyo naye akae kwenye foleni pamoja na wenzake, na jaji amuulize maswali yaleyale.